Mkulima wa Skimu, Njoo Tuhesabu Ndege wa Malisho

Yuko ndege mmoja ambaye hapatikani mahali popote duniani ila Kenya tu. Wengi wa jamii yake hawakai katika mbuga za wanyama zenye malango na maaskari. Wanakaa katika malisho ya ng'ombe, juu ya ardhi ambayo hati yake imo sandukuni mwa mkulima. Basi, kama wewe ni mkulima wa Kinangop, huenda ndege huyu ametaga mayai hatua mia moja tu kutoka mlango wako, na huenda hujapata kumtazama vizuri hata siku moja.

Kwa Kiingereza anaitwa Sharpe's Longclaw, yaani ndege wa ukucha mrefu wa Bwana Sharpe. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1904 na Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Naye Sharpe alikuwa mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho huko London. Bila shaka Wamasai waliochunga ng'ombe juu ya uwanda ule walimwona ndege huyu zamani sana kabla ya mabwana hawa wawili, lakini wao hawakuandika kitabu. Sisi hapa tutamwita Kucha-refu.

Ukitaka kumtambua, mtafute asubuhi baada ya kukama. Ni ndege mdogo, apata urefu wa kiganja cha mkono wako pamoja na vidole. Mgongo wake ni wa kahawia wenye michirizi, kama nyasi kavu, na kwa hiyo akisimama kimya humwoni. Lakini akigeuka utaona koo na kifua cha manjano safi. Akiruka huonyesha weupe kando ya mkia, huenda karibu na ardhi, halafu hushuka tena upesi ndani ya nyasi. Ukimwona ndege wa manjano namna hiyo, naye amevaa ukosi mweusi shingoni, huyo siye. Huyo ni jamaa yake, naye yuko katika nchi nyingi za Afrika. Kucha-refu wetu hana ukosi mweusi, ana michirizi tu kifuani.

Makao yake ni nyasi za nchi ya juu yenye baridi. Yuko Mau Narok, yuko sehemu za Uasin Gishu na Mlima Elgon, lakini ngome yake kubwa ni Kinangop. Hataki msitu wala hataki shamba lililolimwa. Hujenga kiota chake chini, kwenye shina la yale mafungu ya nyasi ngumu ambayo wakulima wengi huyang'oa wakidhani hayana faida. Mkulima akilima, ndege huyu hahamii kando ya shamba kama wafanyavyo ndege wengine. Hutoweka. Wataalamu wa dunia wamemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kwisha kabisa.

NYASI ZILIVYOPUNGUA

Wewe wajua habari za skimu kuliko sisi, maana ama ulikuja mwenyewe kwa lori la kuhamia, ama baba yako au babu yako alikuja. Mpango wa Ekari Milioni ulianza mwaka 1962, na mashamba makubwa ya wazungu wa Kinangop yakanunuliwa na kukatwa vipande. Zamani hizo sehemu kubwa ya uwanda ilikuwa malisho ya kondoo na ng'ombe. Mkulima mpya alipewa ardhi na mkopo, akaambiwa apande pareto na viazi na afuge ng'ombe wa gredi, na hivyo ndivyo alivyofanya. Hakuna mtu wa haki awezaye kumlaumu. Alikuwa na deni la kulipa na watoto wa kusomesha.

Lakini hesabu ya ardhi haina huruma. Tuseme babu alipewa ekari thelathini, naye akawa na wana watano. Kila mwana akapata ekari sita. Wana hao nao wakazaa, na leo mjukuu ana ekari mbili. Mwenye ekari thelathini aliweza kuacha kumi ziwe nyasi bila kufikiri. Mwenye mbili hufikiri kila siku. Kisha huja mtu wa viazi, amebeba fedha mkononi, anataka kukodi kile kipande cha nyasi kwa msimu mmoja, na karo ya shule imekaribia. Hapo ndipo nyasi za miaka elfu hugeuzwa kwa jembe la trekta katika asubuhi moja. Tena tukumbuke mikaratusi. Katika Kinangop malisho mengi yamegeuzwa kuwa mashamba ya mikaratusi, na kwa Kucha-refu mti huo ni sawa na jembe.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Ndege huyu hawezi kuokolewa na Serikali peke yake, kwa sababu Serikali haina nyasi za Kinangop. Nyasi ni zako. Ile Hifadhi ya Taifa ya Aberdare iliyowekwa mwaka 1950 iko juu, katika msitu na baridi ya mlima. Haikufika chini kwenye uwanda. Hakuna askari atakayekuja kukuzuia usilime shamba lako, wala sisi hatukuambii kwamba atakuja. Shauri ni lako wewe na jamaa yako.

WATU WALIOANZA BILA MSHAHARA

Katika miaka ya 1990 wenyeji kadhaa wa Kinangop walikusanyika wakaunda chama wakakiita Marafiki wa Uwanda wa Kinangop. Walikuwa watu wa hapo hapo, wakulima na vijana, wala hawakuandikwa kazi na mtu. Walijifunza kutambua ndege, wakaanza kwenda shamba kwa shamba wakiomba ruhusa ya kuhesabu. Wenzao walikuwa Nature Kenya, ile jamii ya Nairobi ya watu wapendao viumbe, iliyoanza mwaka 1909 kwa jina jingine. Jamii hiyo baadaye ilinunua vipande kadhaa vya nyasi kwa bei ya kawaida kutoka kwa wenye mashamba waliotaka kuuza, ili vibaki nyasi daima. Vipande hivyo ni hifadhi ndogo sana. Mgeni akipita barabarani ataona malisho tu. Lakini humo Kucha-refu anataga bila hofu ya trekta.

Hifadhi kama hiyo haiwezi kujitunza. Ukifunga seng'enge ukaondoka, nyasi zitakua mno, na Kucha-refu hapendi nyasi ndefu zilizofungana. Anataka nyasi fupi zenye mafungu hapa na pale. Kwa hiyo mifugo lazima iingie, lakini kwa kipimo. Ng'ombe wakizidi, watakula mpaka mafungu na watakanyaga viota. Basi lazima awepo mtu wa kutazama, wa kusema sasa waingie, sasa watoke. Tena seng'enge hukatika, miche ya mikaratusi huota yenyewe kutoka shamba la jirani, na mbwa wa watu huingia kuwinda. Kazi hizi zote ni kazi ambazo mkulima azijua tangu utoto, na hazimpasi mtu mwenye shahada peke yake. Ndiyo sababu tunakuandikia wewe.

KUHESABU NDEGE NI KAZI GANI?

Huenda umecheka. Mtu mzima, baba wa watoto, aende kuhesabu ndege! Lakini fikiri juu ya ng'ombe wako. Mkulima asiyeandika maziwa ya kila ng'ombe hajui ni yupi anayekula bure. Humwona mnene, humpenda, kumbe ndiye amtiaye hasara. Siku anapoanza kuandika katika daftari ndipo ajuapo. Na malisho ni hivyo hivyo. Mtu akikwambia ndege wamepungua, muulize: walikuwa wangapi mwaka juzi? Kama hana daftari, hana neno.

Hesabu ya ndege wa nyasi hufanywa asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana adhuhuri ndege hujificha. Kwanza kiongozi huomba ruhusa ya mwenye shamba. Hili halirukwi hata kama mwenye shamba ni ndugu yako. Halafu watu husimama mstari mmoja, kila mtu ameachana na mwenzake hatua chache, wakatembea pamoja polepole kuvuka malisho. Ndege huruka mbele yao. Kila anayeruka hutajwa kwa sauti ya chini, na mmoja tu ndiye mwandishi, ili ndege mmoja asiandikwe mara tatu. Ndege akiruka nyuma ya mstari hahesabiwi. Mwandishi huandika pia hali ya nyasi, kama ni fupi au ndefu, kama mafungu yapo, kama ng'ombe wapo na ni wangapi, na kama sehemu imelimwa tangu hesabu iliyopita. Neno hili la mwisho laweza kuwa na thamani kuliko hesabu ya ndege wenyewe.

Mambo ambayo mgeni wa kazi hii hukosea ni machache, lakini ni mabaya. Asije na mbwa. Asivae nguo nyekundu au nyeupe ing'aayo. Akiona kiota asikae hapo kutazama wala asiguse mayai. Aandike mahali, apite. Harufu na njia ya miguu ya mtu huweza kumwongoza mnyama mla mayai. Na asiongeze hesabu ili kuwafurahisha wakubwa. Kuandika sifuri ni kazi njema kama kuandika kumi, nami nathubutu kusema kwamba sifuri iliyoandikwa kwa uaminifu imesaidia kazi hii kuliko makumi mengi ya kubahatisha.

Humo njiani utaona wengine pia. Yuko yule ndege mweusi wa mkia mrefu arukaye juu na kushuka, juu na kushuka, kama mtoto anayeruka kamba. Huyo ni dume anayewachezea majike, naye jina lake limetokana na Jackson yule yule. Yuko pia ndege mdogo sana wa kahawia aitwaye Aberdare Cisticola, asiye na uzuri wa kutazamwa, lakini naye hapatikani nje ya Kenya. Mkulima wa skimu anao ndege wawili juu ya malisho yake ambao tajiri wa Ulaya husafiri kwa ndege ya mashine siku nzima ili awaone. Hilo si jambo dogo.

MAKORONGO WA OL BOLOSSAT

Tuondoke Kinangop kidogo, twende upande wa kaskazini wa Nyandarua, kwenye Ziwa Ol Bolossat. Hapo pia pamezungukwa na mashamba ya skimu. Maji yake hutoka kwenda mto Ewaso Narok, ambao huanguka pale Nyahururu kwenye maporomoko ajuayo kila mtu. Ziwa hili lina viboko, lina mafunjo, na lina makorongo wenye taji la dhahabu kichwani.

Korongo mwenye taji huyajua mashamba kama mkulima mwenyewe. Hula panzi, viwavi, vyura na mbegu za nyasi. Kweli, mahindi mapya yakipandwa huweza kuyafukua, na mkulima ana haki ya kulalamika. Lakini hujenga kiota katika kinamasi, ndani ya maji ya miguuni, akataga mayai mawili au matatu, na wote wawili, dume na jike, huyaatamia kwa zamu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda hukaa kiasi cha miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuruka. Kwa muda wote huo hawana mlinzi ila matete. Ng'ombe wakiingia kinamasi, kiota huzama. Mbwa akija, makinda hufa. Mtoto akiokota kinda akamfuga nyumbani kwa kuwa ni mzuri, kinda huyo hatazaa tena. Na mtu akitia sumu katika mbegu ili awaue ndege waharibifu, korongo hula na kufa, na mwenye kumla korongo naye yumo hatarini. Tangu mwaka 2012 korongo huyu naye yumo katika orodha ya walio hatarini duniani, ingawa watu wengi wa mashambani bado hudhani ni wengi kwa kuwa huwaona makundi makundi wakati wa kiangazi.

Kando ya Ol Bolossat vijana na wazee wa hapo wamejitolea kuwalinda. Huzijua nafasi za viota, huzungumza na wachungaji wasipitishe ng'ombe hapo majuma yale ya kuatamia, na huwashauri wazazi wasikubali watoto wafuge makinda. Silaha yao kubwa ni maneno. Huenda kwenye baraza, huenda kanisani baada ya ibada, huenda mahali maziwa yanapopokelewa asubuhi, ambapo wakulima wote husimama na mitungi yao na hawana pa kukimbilia. Mwaka 2018 ziwa hilo lilitangazwa na Serikali kuwa ardhi oevu iliyolindwa. Tangazo hilo halikushuka kutoka mbinguni. Wenyeji walilililia miaka mingi.

Tena kila Januari, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, hufanywa hesabu ya ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa na mahali pengine, na watu wa kujitolea husimama ufukoni pamoja na wataalamu wa Makumbusho na wa Shirika la Wanyama wa Pori. Mwezi huo huchaguliwa kwa sababu ndege wa Ulaya na Asia wamekimbia baridi ya kwao na wako kwetu.

UTAPATA NINI?

Sasa tuseme wazi. Hutapata mshahara. Mtu akikwambia kazi ya kujitolea italeta fedha kila mwisho wa mwezi, anakudanganya, na akikutoza ada kubwa ili akuandike jina, mkimbie. Mara nyingine utapata nauli au chai siku ya hesabu, mara nyingine hutapata hata hiyo.

Lakini yako mambo mengine. Chama chenye kazi inayoonekana ndicho wataalamu hukiendea. Kwa njia hii wakulima wa Kinangop wamefundishwa mambo ya nyuki, miche na malisho. Huko Njabini watu wamejifunza kusokota sufu ya kondoo na kufuma mazulia ya kuuza, na fikira yake ni nzuri sana: kondoo anahitaji nyasi, basi sufu ikipata bei, nyasi nazo zina bei, na mwenye malisho hana haraka ya kuyalima. Wageni wapendao ndege pia huja, nao humhitaji mtu wa kuwaongoza asiyebahatisha jina la ndege. Kijana aliyejitolea misimu mitatu na kujua sauti zote za malisho ndiye atakayeitwa, si yule mwenye koti zuri. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji lazima awe na kitu cha kumwonyesha mgeni.

Liko pia jambo la maji. Mito ya Aberdare hushuka kupita mashamba yenu kwenda Naivasha, na lile bwawa la Sasumua, karibu na Njabini, lilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya maji ya Nairobi. Nyasi na vinamasi hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Udongo uliolimwa mtelemkoni huyaachia yote siku moja, pamoja na mbolea uliyoinunua. Kutoka mwaka 2010 wakulima wa sehemu za juu za mto Malewa, kama Wanjohi na Turasha, walipewa hati za kununulia vifaa vya shamba na watumiaji wa maji wa Naivasha, kwa sababu walipanda miti inayofaa na mistari ya nyasi kuzuia udongo. Angalia basi: nyasi zile zile zililisha ng'ombe wao, na mtu mwingine akawalipa kwa kuzipanda.

Na kwa wale walio karibu na msitu, kumbukeni lile ua la umeme la Aberdare. Lilianza kujengwa mwaka 1989, likamalizika mwaka 2009, nalo lina urefu wa karibu kilomita 400. Sehemu kubwa ya fedha yake ilitoka kwa watu waliojitolea na kuchanga kupitia Rhino Ark. Mkulima ambaye zamani alilala shambani akipiga debe usiku kucha kufukuza tembo, leo hulala kitandani kwake. Lakini majani yakiota mpaka yakigusa waya, nguvu ya umeme hupotea, na tembo ni mwerevu kuliko tunavyodhani. Ukiona mti umeangukia ua, usingoje mwingine akapashe habari.

MALISHO AU VIAZI?

Hatutaki kukuambia uache viazi. Viazi vimesomesha watoto wengi wa Nyandarua. Lakini kabla hujakodisha kile kipande cha mwisho cha nyasi, kaa na bibi yako mfanye hesabu pamoja, maana mara nyingi yeye ndiye ajuaye maziwa yaliuzwa kiasi gani.

Tazama kwanza udongo. Sehemu nyingi za Kinangop zina udongo mzito chini ambao haupitishi maji. Mvua kubwa ikija, shamba huwa bwawa na viazi huoza. Nyasi hazijali. Pili tazama umande wa barafu. Usiku mmoja wa Januari huweza kuunguza majani ya viazi mpaka yawe meusi kama yaliyopigwa moto, na asubuhi yake ng'ombe bado wana la kula. Tatu ni ugonjwa wa mnyauko. Ukishaingia katika udongo haung'oki upesi, na mkulima apandaye viazi juu ya viazi kila msimu huupalilia ugonjwa wenyewe. Ardhi iliyopumzika chini ya nyasi huponya mengi. Basi usihesabu gunia za msimu mzuri peke yake. Hesabu misimu mitano, pamoja na ule wa barafu na ule wa bei mbaya, halafu uweke upande wa pili maziwa ya kila siku na mbolea ya zizini.

Ukiona ya kwamba nyasi zafaa kubaki, hata kama ni robo ekari pale chini penye maji, yako mambo machache ya kufanya. Usiyang'oe mafungu yote ya nyasi ngumu. Acha mengine yakae. Usichome moto malisho, hasa wakati ndege wanataga. Gawa malisho kwa seng'enge au kwa kamba, ng'ombe wale upande mmoja na mwingine upumzike. Usipande mikaratusi katika kinamasi, kwa kuwa itakunywea maji yako. Tena, hapa wengine watashangaa, usifikiri kila mti ni sadaka kwa viumbe. Tumezoea kuambiwa tupande miti, na ni vema, kando ya boma, kwenye mpaka na palipokuwa na msitu zamani. Lakini nyanda za nyasi za Kinangop hazikuwa msitu. Mtu wa kujitolea anayekuja na gari la miche kuipanda katikati ya malisho ya Kucha-refu, ingawa moyo wake ni mwema, anafanya kazi ya jembe.

WATOTO NA DAFTARI

Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianza vilabu vya wanyama wa pori mashuleni, na vilabu hivyo vingalipo. Kama shule ya watoto wako haina, zungumza na mwalimu. Mtoto wa miaka kumi ana macho kuliko sisi wazee, tena haoni haya kulala kifudifudi katika nyasi kutazama ndege. Mpe daftari la kurasa chache. Kila Jumamosi aandike tarehe, mahali, ndege aliowaona na idadi yao. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na habari ambazo hakuna mtaalamu wa Nairobi azijuaye.

Ukitaka kuanza wewe mwenyewe, uliza kwanza kama kuna chama karibu nawe. Kinangop ulizia Marafiki wa Uwanda. Ol Bolossat ulizia wale wa makorongo. Mahali pengine nenda kwa Afisa wa Kilimo wa wadi yako, au kwa askari wa msitu, au kwa ofisi ya Shirika la Wanyama wa Pori ya kaunti, useme wazi kwamba unataka kujitolea na siku ngapi kwa mwezi unaweza. Usiahidi siku nyingi. Asubuhi moja kwa mwezi inayotimizwa mwaka mzima ni bora kuliko kila juma kwa mwezi mmoja na baadaye kimya. Kama hakuna chama, wakulima watano wanatosha kuanza, na darubini moja ya kupokezana. Msitafute mhuri na kiti cha mwenyekiti kabla ya kuhesabu hata ndege mmoja. Tumeona vyama vingi vilivyokufa vikiwa na mhuri mzuri.

Siku ya kwanza njoo na viatu vya mpira, kwa kuwa umande wa Kinangop hulowesha mpaka magotini. Chukua daftari, na kalamu ya risasi badala ya wino, maana wino hufutika mvua ikinyesha. Kama kwako, kama ilivyo ada, na ufike kabla ya saa mbili.